Je, Wajua? Mkono Ukishuka, Nani Kausukuma?

Nyoosha mkono wa kulia mbele yako, usawa wa bega, kiganja kikitazama chini. Mtu anakuwekea vidole viwili karibu na kifundo, anasema, "Kaza." Anasukuma, mkono haushuki. Kisha anakupa kichupa cha maji ya sukari, unakishika kwa mkono wa kushoto na kukibana tumboni. "Kaza tena." Safari hii mkono unaanguka kama bua la mpapai lililooza. "Umejionea?" anauliza. "Mwili wako haupatani na sukari. Kongosho imechoka." Huna la kujibu, maana mkono ulioshuka ni wako, si wa kuhadithiwa. Ndiyo siri ya mvuto wa kitu hiki: shahidi ni mgonjwa mwenyewe.

Wenyewe wanakiita kinesiolojia. Sisi tukiite kipimo cha msuli. Kimezunguka dunia pamoja na wauzaji wa virutubisho. Kina mdogo wake wa kisasa pia: kile kijimashine cha kushika fimbo ya chuma kiganjani kwa dakika moja, kisha kompyuta ikatapika kurasa za hali ya figo, ini, mifupa na madini ya mwili. Kinaonekana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Ya leo tumeyakusanya kuzunguka swali moja: mkono ukishuka, aliyesema ni mwili au ni vidole viwili? Majibu mengine yako karibu kuliko tunavyodhani. Yako huku mashariki mwa Kongo: Oicha, Mangina, Beni na Butembo.

Je, wajua kipimo hiki kilizaliwa kwenye bega la mtu mmoja?

Mwaka 1964, mjini Detroit, Marekani, tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo aliyeitwa George Goodheart alipata mgonjwa ambaye kombe lake la bega lilikuwa limechomoza nyuma kama ubawa wa kuku. Goodheart alipapasa, akakuta vinundu pale msuli unaposhikana na mbavu, akavikandakanda, na nguvu zikarudi papo hapo. Laiti angeishia hapo, tungekuwa na habari ya mkandaji hodari. Lakini aliendelea. Miaka iliyofuata alifundisha kwamba kila msuli una kiungo cha ndani unachokiwakilisha, kama mbunge na jimbo lake: huu wa ini, ule wa figo, mwingine wa utumbo. Msuli ukilegea, jimboni kuna njaa. Mwaka 1973 mfuasi wake John Thie akatoa kitabu kiitwacho Touch for Health kwa ajili ya watu wasiosomea tiba, na kipimo kikatoka kliniki kikaingia sebuleni.

Baadhi ya wapimaji husema hata mtoto mchanga anapimika: mama anampakata mwanawe, na mkono unaosukumwa ni wa mama. Kichupa nacho si lazima kifunguliwe. Hapo ndipo mimi naanza kukuna kichwa. Dawa iko ndani ya kioo kilichozibwa, ugonjwa uko kwa mtoto ambaye hakuguswa, na jibu linasomwa kwenye bega la mtu wa tatu.

Je, wajua daktari naye husukuma mikono?

Tusichanganye mambo, maana hapa ndipo mjanja hupata pa kujificha. Mwaka 1912 Wilhelmine Wright, aliyefanya kazi Boston na daktari Robert Lovett, alichapisha namna ya kuipima misuli ya watoto waliopoozwa na polio. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza wakapanga ngazi ya alama 0 hadi 5 inayotumika mpaka leo. Sifuri, msuli haushtuki kabisa. Tatu, kiungo kinaweza kujiinua chenyewe lakini ukikigusa kinaanguka. Tano, nguvu kamili. Mtu wa fisioterapia akikwambia vuta, sukuma, inua, ndizo namba anazoziandika.

Kwetu kuna mfano mzuri zaidi. Kilomita kama 30 kaskazini mwa Beni iko Oicha, ambako daktari mmisionari kutoka Marekani, Carl Becker, alianza kazi katika miaka ya 1930, na pakakua kijiji cha wagonjwa wa ukoma waliofika maelfu. Ukoma, wengi hawajui, kwanza ni ugonjwa wa ngozi na neva. Vidole vinaharibika baadaye, kwa sababu mtu hasikii moto wala jeraha. Ndiyo maana kliniki za ukoma duniani kote zina kipimo cha misuli kisichozidi dakika chache. Fumba macho kwa nguvu nisiweze kuyafungua. Tenga kidole cha mwisho mbali na wenzake. Inua kidole gumba kielekee dari. Kunja kiganja kwa nyuma. Nyanyua wayo. Kila mara mhudumu anasukuma kidogo na kuandika: imara, dhaifu, kimepooza. Kidole cha mwisho kikidhoofika, neva inayopita nyuma ya kiwiko imeshambuliwa, na dawa ikiwahi, mkono unaweza kuokolewa usijikunje kama makucha ya mwewe.

Umeona tofauti? Mhudumu wa ukoma anauliza msuli habari za msuli, na za neva inayouamrisha. Mwenye kichupa anauliza msuli habari za kongosho. Mlinzi wa getini ukimwuliza kama geti limefungwa, atakujibu sawasawa. Ukimwuliza majibu yako ya maabara, akitaka kukufurahisha atabuni.

Je, wajua mwanamieleka anaweza kushushwa mkono na mtu dhaifu?

Bega ni bawaba, mkono ni mtaimbo. Anayesukuma kwenye kifundo anafanya kazi karibu mara mbili ya anayesukuma kwa nguvu ileile kwenye kiwiko. Sogeza vidole sentimita chache tu na mambo yamebadilika. Pia msuli uliokazwa mara ya kwanza umeshachoka kidogo mara ya pili. Tena lile neno "kaza" likitangulia msukumo, mkono unakuwa tayari. Likija pamoja nao, mkono umeshavamiwa.

Na hapa tuwe waungwana: si lazima mpimaji awe tapeli. Wengi wanaamini wanachokifanya, na wakipimwa wao wenyewe mikono yao inashuka vilevile. Mwaka 1852 mwanasayansi Mwingereza William Carpenter alieleza kwamba wazo peke yake linaweza kusogeza misuli, mwenye misuli asijue. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na farasi aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi hakujua hesabu hata moja. Alikuwa akisoma vijishtuko vya kichwa cha muulizaji, ambaye naye hakujua kama anatikisika. Farasi hakudanganya mtu. Bwana wake pia hakudanganya mtu.

Je, wajua Wazande walikuwa na kipimo cha namna hiyohiyo, na walikishuku?

Wazande wanaishi kaskazini-mashariki mwa Kongo, pande za Dungu na Doruma, wakivuka mipaka hadi Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Mwingereza Evans-Pritchard alikaa nao upande wa Sudan kati ya 1926 na 1930, na kitabu chake kikatoka mwaka 1937. Anaeleza kifaa kiitwacho iwa: kijimeza cha mti kidogo cha kubebeka, chenye miguu miwili na mkia, na juu yake kifuniko chenye mpini. Mwenye iwa anaketi chini, anakanyaga mkia kwa wayo ili kimeza kisiyumbe, anapaka majimaji ya mimea, anaanza kukisugua kifuniko mbele na nyuma huku akiuliza. Je, safari hii ina heri? Je, mke wangu atapona? Kifuniko kinateleza, au kinanata. Mtelezo jibu moja, mnato jibu jingine.

Soma tena. Swali, mkono, ndiyo au hapana inayokuja kwa njia ya ukinzani. Kama Goodheart angekaa Dungu badala ya Detroit, asingehitaji kubuni chochote.

Ila Wazande walikuwa na akili ambayo wapimaji wengi wa kichupa hawana. Walijua iwa inajibu upesi mno na kwamba mwenye mkono anaweza kuipeleka anakotaka, kwa hiyo waliiweka daraja la chini. Jambo zito, la kifo au la uzinzi, lilipelekwa kwa benge, sumu itokanayo na mmea wa kutambaa, ambayo Wazande wa Sudan walivuka mpaka kuifuata huku Kongo, ng'ambo ya mto Bomokandi. Kifaranga kinanyweshwa sumu na swali linaulizwa: kama fulani ana hatia, kuku afe. Kuku akifa, kesi bado. Analetwa kuku wa pili, na sasa swali linageuzwa: kama fulani ana hatia kweli, huyu apone. Wote wawili wakifa, au wote wakipona, hakuna hukumu.

Sisemi sumu inajua siri za watu. Nasema mzee wa Kizande, kabla ya kumnyooshea mtu kidole, alikipa kipimo chake nafasi ya kujikana. Mpimaji wa msuli akishashusha mkono mara moja, anafungua kitabu cha risiti.

Je, wajua wapimaji walipofumbwa macho ilikuwaje?

Ray Hyman, mwanasaikolojia wa Marekani, alisimulia mwaka 1999 jinsi yeye na wenzake walivyokutana na matabibu wa uti wa mgongo waliofundisha kwamba sukari ya glukosi hudhoofisha mwili na ile ya matunda, fruktosi, huuimarisha. Waliweka tone ulimini, wakasukuma mikono. Kila mtu alidhoofika kwa glukosi na kuimarika kwa fruktosi, safi kabisa. Kisha vichupa vikaandikwa namba, na waliokuwa chumbani wasijue kipi ni kipi, mpimaji wala mpimwa. Mambo yakavurugika, mikono ilishuka ovyo. Siri ilipofunuliwa, kiongozi wa matabibu hakuona aibu. Alimgeukia Hyman akamweleza kwamba ndiyo maana wao wameacha kupima kwa kufichana: hakufanyi kazi kamwe. Hakuwa akitania.

Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1988 lilitumia kipimo cha msuli kutafuta upungufu wa virutubisho, na kilipolinganishwa na vipimo vya damu vya maabara, hakikuzidi kubahatisha. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walikitumia kwa watu wenye mzio wa sumu ya nyigu. Matokeo yakawa yaleyale ya kurusha sarafu.

Je, wajua Butembo iko chini ya kilomita 20 kutoka ikweta?

Iko kaskazini kidogo ya mstari. Na ikweta nayo ina wapimaji wake. Nanyuki nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda, vijana huwaonyesha watalii maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kufanya hivyo ndani ya beseni. Kinachoamua ni jinsi kijana anavyomimina na anavyogeuka nalo. Karibu na Quito, Ekuador, ambako ikweta pia inapita, waongozaji wamekwenda mbali zaidi: wanakusukuma mkono na kukuambia umepungukiwa nguvu kwa kuwa umesimama juu ya mstari. Kama ingekuwa kweli, wabeba viazi wa Lubero, ambako mstari huo unapita, wangekuwa wanadondosha magunia kila siku mahali palepale.

Je, wajua ni wapi swali la "mgonjwa ana nini?" liligharimu maisha ya wengi?

Tarehe 1 Agosti 2018, wiki moja tu baada ya mlipuko wa Ebola wa mkoa wa Équateur kutangazwa kwisha, serikali ilitangaza Ebola Mangina, magharibi mwa Beni. Mlipuko ulikwisha 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287. Wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016.

Sasa angalia dalili zake za siku za kwanza: homa, uchovu, maumivu ya misuli, kichwa kuuma, koo kuwasha. Hakuna hata moja ambayo mama wa mitaa ya Beni kama Ndindi au Boikene hajaiona kwa mwanawe na kuiita malaria. Na malaria yenyewe ilikuwa imepamba moto. Shirika la Afya Duniani lilisema vuli ile kwamba hadi nusu ya waliochunguzwa kwenye vituo vya Ebola walikutwa na malaria tu. Nusu nzima. Maana yake kwa mwenye kuangalia kwa macho ni moja: kati ya wawili waliolala mbele yako wakitetemeka, mmoja anahitaji vidonge na mwingine huenda anahitaji mtu asimguse.

Hapo ndipo zilipojulikana duniani zile nyumba tunazoziita tradi-moderne. Msomaji wa Beni hahitaji kuelezwa, ila kwa wa mbali: ni vituo vidogo vya mitaani vinavyochanganya dawa ya mizizi na dripu, sindano na maombi, mganga na muuguzi pengine chini ya bati moja. Viko karibu, vinakopesha, vinaongea Kinande. Mtoto akiwaka homa saa mbili usiku na huku kuna hofu ya watu wa mapanga barabarani, hutavuka mji kutafuta hospitali kuu. Kuelekea mwisho wa 2018 wataalamu waliona kwamba watoto wengi wa Beni walikuwa wanapata Ebola bila kuwa na ndugu mgonjwa. Walikuwa wameingia kwenye vituo hivyo na malaria, wakalazwa karibu karibu, wakachomwa sindano, wakatoka na kitu kingine. Shirika la Afya Duniani likavitaja hadharani kuwa njia kubwa ya maambukizi mjini humo.

Si haki kuwatupia waganga mzigo wote. Vituo vya kawaida vya afya navyo viliambukiza, na wauguzi wao walikufa. Kosa lilikuwa moja kwa wote: kutibu kabla ya kujua. Jibu moja lililotolewa lilikuwa la kijasiri. Kuanzia 28 Novemba 2018, kwa siku nne, Beni ikagawiwa vyandarua na dawa ya malaria ikilenga watu 450,000, wagonjwa na wasio wagonjwa, ili homa nyingi zizimwe na zile zitakazobaki zionekane.

Kuhusu kipimo cha msuli, fikiria kingefanyaje kazi hapo. Ugonjwa wenyewe unaanza kwa kulegeza misuli. Kila mkono ungeshuka. Halafu unapaswa kuushika mkono wa mgonjwa, wenye jasho, na virusi hivi hupita kwenye majimaji ya mwili. Miezi ile Butembo na Beni watu waliacha kupeana mikono. Mtu alikusalimia kwa kiwiko, au kwa kugongesha viatu, kisha akakuelekeza kwenye ndoo ya maji ya klorini mlangoni.

Kilichotenganisha malaria na Ebola kilikuwa mashine yenye ukubwa wa kasha la kuwekea mezani, GeneXpert, iliyofungwa Beni, Butembo na kwingineko na watu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Unaingiza sampuli iliyokwisha kuuliwa makali, unasubiri takriban saa moja na nusu. Lakini kuna kanuni ambayo wengi hawakuielewa na iliyozaa ugomvi kwenye malango ya vituo. Damu ikichukuliwa kabla ya siku tatu tangu dalili zianze, jibu la "hana" halikubaliki. Mgonjwa anabaki, anapimwa tena baada ya saa 48. Familia ziliona huo ni ujanja wa kuwaweka ndani watu wenye afya. Kumbe mashine nayo ilikuwa inaulizwa mara mbili, kama kuku wa Wazande.

Je, wajua kipimo kizuri kinaweza kukataliwa kwa sababu ya mkono uliokileta?

Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, huku karibu nchi nzima ikipiga kura tarehe 30. Watu wa Beni wakajiandalia uchaguzi wao wa mfano siku hiyohiyo, wakapanga foleni, wakanawa mikono kabla ya kutumbukiza karatasi. Ujumbe ulieleweka. Waliojiuliza mbona magari ya Riposte, yaani vikosi vya kupambana na Ebola, yamejaa na barabara hazina ulinzi walipata sababu nyingine ya kutoamini. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwenye hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo akiwa kikaoni.

Waliorudisha imani kwa sehemu kubwa walikuwa wale walioitwa vainqueurs, waliopona. Kwa kuwa mwili wao ulishajijengea kinga, waliweza kuwapakata watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mama wa Butembo anayemwona jirani yake aliyedhaniwa amezikwa akimbembeleza kichanga cha mtu, huyo hahitaji kuhutubiwa.

Je, wajua dawa za Ebola zilishindanishwa hapahapa kwetu?

Kuanzia 20 Novemba 2018, wagonjwa wa Beni, Mangina, Katwa na Butembo waliokubali walipangiwa kwa kura moja ya dawa nne. Si daktari aliyechagua, si familia iliyochagua. Jumla walikuwa 681. Dawa iliyoingia ikiwa na sifa kubwa kuliko zote ilikuwa ZMapp. Ndiyo iliyotumika kuwa kipimo cha nyingine. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi: waliopewa ZMapp walifariki karibu nusu, na remdesivir ikawa vibaya zaidi kidogo, asilimia 53. Waliopewa REGN-EB3 au mAb114 walifariki kama theluthi moja. Ile mAb114 asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Mwaka 2020 Marekani ikaziidhinisha zote mbili.

Napenda kisa hiki kuliko vyote vya ukurasa huu. Kwa muda mrefu watu wenye elimu waliamini ZMapp, na Butembo ikawaambia wamekosea.

Je, wajua mti wa dawa wa milima yetu umeshapita mtihani huo?

Wakulima wa Lubero na Butembo wanaokausha magome ya quinquina wanauza kitu ambacho wenyeji wa Andes huko Amerika Kusini walikijua, na ambacho mwaka 1820 wafamasia Pelletier na Caventou wa Paris walikitoa ndani ya gome na kukiita kwinini. Kwa hiyo anayedai dawa ya miti haitaki kupimwa na maabara, mwulize kuhusu gome hilo. Afrika ina hata siku yake ya tiba asilia, 31 Agosti, tangu mwaka 2003.

Je, wajua mkono wako unaweza kweli kusema kitu juu ya afya yako?

Hili litawafurahisha wapimaji. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa watu 139,691 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo. Kila mmoja alibana mpini wa kupimia nguvu za kiganja. Kila kilo 5 zilizopungua ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa katika miaka iliyofuata. Tofauti na kichupa: mpini unasoma kilo, hausukumwi na mtu, na hausemi ugonjwa gani.

Kama bado una hamu, mjaribu mpimaji wako. Tafuta bahasha kumi zinazofanana. Mwachie mtoto wa jirani atie tano sukari, tano chumvi, azifunge. Kisha aziandike namba nyuma bila mpangilio, aandike siri yake kwenye karatasi abaki nayo nje. Mpimaji asukume mara kumi, atamke kila bahasha ina nini. Kwa kubahatisha tu atapata kama tano. Akipata tisa au kumi, rudieni kesho kwa mtoto mwingine. Akikataa kujaribu, umeshapata jibu bila kulipa.

Lakini homa usiichezee bahasha. Ebola ilirudi pande za Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba mwaka huohuo, na tena Agosti 2022. Mtoto akichemka, mpeleke apimwe damu. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka tone moja la kidole na dakika 15 hadi 20 za kusubiri.